Vyumba Sita na Ukumbi: Nyumba Iliyoijenga Dar es Salaam

Mgeni anayetaka kuona majengo ya kale ya Dar es Salaam hupelekwa ufukweni. Huonyeshwa Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultani Majid, kisha Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi za Wajerumani. Ni majengo mazuri na yanastahili kutunzwa. Lakini wakazi wa jiji hili hawakuishi humo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu aliyeshuka Dar es Salaam akitokea Kilwa, Morogoro, Songea au Tabora kutafuta kazi alianzia maisha kwenye chumba kimoja, ndani ya nyumba ya chini yenye ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Nyumba hiyo haina msanifu anayejulikana wala kibao cha ukumbusho, na Kariakoo, mahali ilipostawi kuliko pengine popote, zilizobaki ni za kuhesabu.

Watu wa mipango miji huiita nyumba ya Kiswahili, na ramani yake inachoreka mchangani kwa kijiti. Mbele kuna kibaraza chini ya upenu. Katikati ya kibaraza kuna mlango mmoja, na ukiupita unajikuta ukumbini, njia nyembamba inayokwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu, milango inatazamana. Mlango wa nyuma hukutoa uani, penye jiko, stoo, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo, na aghalabu mpapai au mwembe mmoja. Yakiongezwa mabanda mawili matatu huko nyuma, nyumba ya vyumba sita hugeuka ya vyumba tisa au kumi bila mpita njia kugundua kitu.

Usahili huo unaficha akili nyingi. Joto la Dar es Salaam ni la unyevu; dawa yake ni upepo na kivuli, na nyumba hii inavyo vyote viwili. Milango ya mbele na nyuma ikiachwa wazi, hewa hupita ukumbini tangu asubuhi hadi jioni. Upenu hukinga ukuta usipigwe na jua wala mvua. Katika nyumba nyingi kuta za ndani hazikufika kwenye paa, kwa hiyo hewa ya moto ilipanda na kutoka juu. Sauti nazo zilipita njia hiyohiyo. Ugomvi wa chumba cha kwanza ulisikika hadi cha tatu, na wapangaji walijifunza kutosikia.

Umbo lenyewe ni la pwani ya Mrima, kwenye nyumba za mstatili za Bagamoyo, Pangani na vijiji vya jirani, na misafara ya biashara ililifikisha mbali bara, hadi Tabora na Ujiji. Dar es Salaam haikulibuni. Ilichofanya ni kulitia kazi ambayo halikuwahi kuifanya kwa ukubwa ule: kuwapangisha chumba kimoja kimoja maelfu ya watu wasiojuana.

Majid bin Said alianza kujenga mji huu miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash, aliyerithi kiti cha Unguja, hakuendelea na kazi hiyo. Wajerumani ndio walioufanya mji makao makuu yao walipohama Bagamoyo mwaka 1891, na mapema kabisa walitunga kanuni za ujenzi zilizoamua jengo la aina gani lisimame wapi. Karibu na bandari paliwekwa nyumba za mtindo wa Kizungu, zenye bustani na nafasi kubwa. Nyuma yake majengo ya maduka. Nyuma zaidi, nyumba za udongo na makuti. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali yao ilinunua shamba la Mjerumani mmoja, Schoeller, upande wa magharibi, ili pawe mji wa Waafrika. Vita vikaikuta kazi haijakamilika.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Wapagazi wa jeshi lao, waliokuwa kwenye kikosi cha Carrier Corps, waliwekwa kambini katika eneo lilelile la shamba, na ndiyo asili ya jina Kariakoo, kama ilivyo asili ya Kariokor ya Nairobi. Wapagazi wale walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mtaa wenye maduka mengi kuliko mingine yote nchini umebeba jina lao, na wengi wanaonunua humo viatu na vitenge hawajui.

Miaka ya 1920 serikali mpya ilizikaza kanuni zile za Wajerumani. Mji uligawanywa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Kwenye karatasi tofauti ilikuwa ya aina ya jengo, si ya rangi ya mtu. Lakini aliyelipwa mshahara wa kuli bandarini hangeweza kujenga kwa mawe hata angekesha miaka kumi, kwa hiyo ukuta ulifanya kazi ya rangi. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya. Kariakoo yenyewe ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka inayokatana, ikagawanywa viwanja, na mitaa mingi ikapewa majina ambayo bado tunayatumia: Sukuma, Nyamwezi, Pemba, Swahili, Sikukuu, Mchikichi.

Ndani ya viwanja hivyo watu walijenga walichokijua. Kazi ilianza na nguzo za mikoko, nyingi zikitoka delta ya Rufiji, kulekule kulikotoka boriti ambazo majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba. Mkoko haupendwi na mchwa, ndiyo sababu ulithaminiwa. Nguzo zilichimbiwa, zikafungwa fito kwa kamba, safu moja ndani na nyingine nje, nafasi ya katikati ikajazwa vipande vya mawe ya matumbawe. Ndipo ilipokuja siku ya kukandika. Udongo mwekundu ulimwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu hadi ukalainika, kisha ukapigwa ukutani kwa mkono bonge kwa bonge na kusawazishwa kwa kiganja. Ukikauka hupasuka, basi hukandikwa mara ya pili, na nyufa hujazwa. Aliyekuwa nacho alimalizia kwa chokaa, na ukuta ukang'aa hadi mtu akadhani ni wa mawe. Asiyekuwa nacho alisubiri. Paa lilianza na makuti. Lililofuata lilikuwa la madebe ya mafuta ya taa, yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na mwisho wa safari ni bati.

Kusubiri huko ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini kuliko udongo wenyewe. Mwenye kiwanja hakuhitaji fedha zote siku moja. Aliinua vyumba viwili upande mmoja, akaviezeka, akalala kimoja na kupangisha kingine. Kodi ya kile kimoja ilinunua nguzo za cha tatu. Baada ya miaka kadhaa nyumba ilikuwa imejijenga kwa jasho la wapangaji na uvumilivu wa mwenyewe, bila benki, na benki za wakati huo zisingemsikiliza hata angekwenda. Hakuna mpango wa serikali, wa mkoloni wala wa Uhuru, uliowahi kuwapatia wakazi wa Dar es Salaam vyumba vingi kama walivyopatiwa na hesabu hii ya mtu mmoja mmoja.

J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeutafiti mji huu katika miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu kuhusu nyumba hizi na watu wake. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963. Mwenye nyumba anayejitokeza humo hafanani na kabaila wa hadithi. Mara nyingi aliishi humohumo, kwenye chumba cha mbele, akitumia choo kilekile na wapangaji wake. Nao wapangaji walichanganyika: Mzaramo, Mluguru, Mmakonde, Mnyamwezi, kila mmoja na chumba chake, wote na ukumbi mmoja. Wazazi wao wasingeelewana hata kwa salamu. Uani walielewana kwa Kiswahili, na watoto waliozaliwa humo wengi hawakuwa na lugha nyingine ya kuotea ndoto. Vitabu vya historia ya lugha huandika sana kuhusu shule, redio na kamati za kusanifisha. Uani wa Kariakoo na Ilala unastahili sura nzima.

Kuishi hivyo kulikuwa na kanuni zake ambazo hazikuandikwa popote. Kila mwanamke alikuwa na jiko lake la mkaa, na kila jiko mahali pake. Kufagia uani kulikwenda kwa zamu. Ndoo ya maji ya mtu haikuguswa bila ruhusa. Mgeni wa chumba cha mwisho aliwasalimia wa chumba cha kwanza, kwa sababu lazima apite mbele yao, na akikaa siku nyingi mwenye nyumba aliuliza. Umeme ulipoingia uliongeza ugomvi mpya: nani anapiga pasi, nani ana friji, nani hajachangia. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilipokuja miaka ya 1990 haikuumaliza ugomvi huo. Iliuhamishia tu kwenye kuuliza ni zamu ya nani kununua. Yote haya yalichosha, na asiyewahi kuishi humo asiyapambe. Choo kimoja kwa watu ishirini ni dhiki. Lakini msiba ukitokea usiku, mtu hakuwa peke yake hata dakika moja.

Kibarazani mambo yalikuwa mengine. Hapo palikuwa pa bao, pa kahawa na kashata, pa kusomeana gazeti. Hapo ndipo mashabiki wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba iliyofuata mwaka mmoja baadaye kwa jina jingine, walipobishana hadi taa zikazimwa. Makao ya klabu zote mbili mpaka leo yako Kariakoo na pembezoni mwake. Siasa nayo ilipita hapohapo. African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 ilikuwa na jengo lake kwenye mtaa ambao sasa ni Lumumba, na TANU, chama kilichotokana nayo, ikazaliwa Julai 7, 1954. Chama kilipohitaji wanawake, hakikuwatafuta maofisini, kwa kuwa hawakuwako. Kiliwakuta kwenye vikundi vya ngoma, kwa watu kama Bibi Titi Mohamed, mwimbaji aliyejulikana mitaani kabla hajajulikana majukwaani, na habari ilisambaa uani kwa uani kwa kasi ambayo polisi wa mkoloni hawakuwa na namna ya kuizuia.

Wanawake wana nafasi yao katika historia hii, na si ya pembeni. Nyumba ilikuwa moja ya mali chache ambazo mwanamke wa mjini aliweza kuzimiliki kwa jina lake, ama kwa kurithi, kwa kuuza vitumbua na pombe, au kwa kuuza dhahabu aliyoachiwa na mama yake. Kodi ya vyumba vitano ilimlinda aliyeachwa na aliyefiwa. Hali ilikuwa hivyo pia Pumwani, Nairobi, ambako wanawake wengi walijenga nyumba za vyumba na kuzipangisha tangu miaka ya 1920. Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, liliwagusa watu wawili tofauti kwa fimbo moja. Lilimgusa aliyejilimbikizia majumba, na likamgusa mwanamke ambaye pensheni yake ilikuwa vyumba vile. Bibi Titi alikipinga kifungu hicho waziwazi na akajiondoa katika uongozi wa juu wa chama. Alichokisema kuhusu nyumba kilikuwa cha kweli, na kingestahili kusikilizwa zaidi ya kilivyosikilizwa.

Serikali huru iliiona nyumba ya udongo kama aibu ya kufutwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya mwanzo lilibomoa nyumba nyingi za kukandikwa Magomeni, Ilala na kwingineko na kuweka za matofali ya saruji. La kufurahisha ni kwamba nyingi kati ya nyumba hizo mpya ziliurudia mpangilio uleule: ukumbi, vyumba pande mbili, uani. Wahandisi walibadilisha ukuta, ramani iliwashinda. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi wa walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia katikati ya mji. Nyumba ya vyumba sita haikufikia thamani hiyo, ikaachwa.

Wakati huo mji ulikuwa unafurika. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000. Ya 1967 ilikuta zaidi ya 270,000. Kubomoa ili kujenga upya hakukuongeza nyumba, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera ikageuzwa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese, iliyokuwa imejengwa bila ramani, ikaboreshwa kwa kupitishiwa barabara na maji badala ya kubomolewa. Aliyetembea Manzese siku hizo aliikuta nyumba ileile ya Kariakoo, ila imesimama popote ilipopata nafasi. Msanifu wa Sweden, Dick Urban Vestbro, aliyechunguza aina tatu za nyumba za Dar es Salaam, alichapisha utafiti wake mwaka 1975 na kuipa nyumba ya Kiswahili heshima ya kupimwa kama usanifu kamili.

Mwaka huohuo wa 1975 lilifunguliwa soko jipya la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kiafrika katika Afrika Mashariki. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayopokea maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi chini ya ardhi, na kivuli chake ni cha soko la chini ya miti. Amuli alisomea ng'ambo, lakini alilielewa tatizo lilelile ambalo mafundi wa kukandika walilielewa: katika mji huu jengo zuri huanza na kivuli, upepo na maji. Soko hilo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, likafungwa kwa ukarabati.

Kilichoiondoa nyumba ya vyumba sita Kariakoo ni bei ya ardhi. Biashara ilipofunguliwa tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, kiwanja cha Mtaa wa Kongo au Msimbazi kilikuwa na thamani ambayo mjenzi wake wa mwaka 1930 asingeweza kuiota. Mzee akifariki, warithi ni wanane na vyumba ni sita. Wengine waliuza wakagawana fedha na kuhamia Mbagala au Gongo la Mboto. Wengine waliingia makubaliano na mwekezaji: yeye ajenge ghorofa, wao wapewe sehemu. Chini zikaja fremu za maduka zinazofika hadi ukingo wa kiwanja, juu stoo na nyumba za kupanga. Uani ukajengwa wote. Kibaraza kikaisha, na waliokaa hapo wakahamia barabarani pamoja na wamachinga. Upepo uliokuwa unapita ukumbini sasa hununuliwa kwa mashine iliyotundikwa dirishani. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka asubuhi likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na nchi nzima ikafuatilia kwa siku kadhaa waokoaji wakifukua vifusi.

Si haki kudai kwamba Dar es Salaam ingebaki ya nyumba za chini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na watu wote hao hawawezi kuishi kwenye uani. Magomeni Kota, zilizojengwa enzi za ukoloni, zilibomolewa, na maghorofa mapya kwa ajili ya familia 644 zilizoondolewa hapo yakazinduliwa Machi 2022. Kupanda juu hakuepukiki. Kosa ni kupanda juu na kusahau kila kitu: kujenga ukuta wa kioo usio na upenu unaotazama jua la saa tisa, ngazi zisizo na mahali pa watu wawili kusimama na kuongea, nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini hawezi kuzianza kwa chumba kimoja na kuziongeza.

Sheria haina msaada mkubwa hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo sharti litangazwe na waziri, na nyumba ya udongo ya mwaka 1935 Mtaa wa Likoma si rahisi imfikie waziri mezani. Ndani ya Boma la Kale sasa kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji, na Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wenye futi kamba na kalamu. Hao waanze sasa. Nyumba zilizobaki Kariakoo, Ilala, Gerezani na Magomeni zipimwe moja moja, zichorwe, zipigwe picha, na wazee wanaojua kukandika waulizwe wangali hai. Halmashauri ya Jiji itafute walau moja yenye familia inayokubali, ilipie kiwanja kwa bei ya soko, na kuifungua kwa umma pamoja na uani wake. Na msomaji mwenye picha ya harusi iliyopigwa ukumbini, au hati ya kiwanja ya babu iliyokunjwa ndani ya sanduku, asiitupe. Aandike nyuma yake jina la mtaa, mwaka, na majina ya wapangaji anaowakumbuka.